Ule Mchicha, Moyo Usijue

Daktari ameitazama karatasi ya vipimo, akakutazama wewe, kisha akairudia karatasi. Kolesteroli iko juu. Presha nayo inaifuata. Akakupa yale maneno yanayotolewa na kila daktari mwenye foleni ndefu nje ya mlango: "Punguza mafuta, kula mboga za majani kwa wingi." Ukaitikia "Sawa, daktari" kwa adabu zote, na kabla hujafika getini ulikuwa umeshapiga simu kuuliza kama supu ya kongoro bado ipo.

Usione haya, ndugu yangu. Mwongozo huu ni wako. Umeandikwa kwa ajili ya mtu mzima mwenye heshima zake, anayetaka kila mtu amwone akila majani, ila hataki majani hayo yambadilishie chochote mwilini. Kumdanganya daktari ni kazi ndogo, maana mnaonana mara moja moja. Kumdanganya mkeo kunataka uangalifu. Kulidanganya ini ndiyo kazi ya fundi, na ndiyo tutakayojifunza leo.

Hatua ya 1: Mjue adui

Kabla ya kulihujumu jani, jua linafanya nini likishashuka tumboni.

Sehemu kubwa ya kolesteroli iliyomo mwilini mwako hukuila. Mwili wako, ini likiwemo, umeitengeneza wenyewe. Baadhi yake ini huigeuza kuwa nyongo, nayo hushuka kwenye utumbo kusaidia kusaga mafuta. Ikimaliza kazi haitupwi. Kiasi cha asilimia 95 ya asidi za nyongo hufyonzwa mwishoni mwa utumbo mwembamba na kurudishwa kwenye ini zitumike tena. Mwili ni bahili, na ubahili huo unatufaa sana.

Jani ndilo linaloharibu mambo. Nyuzinyuzi zake zenye ute, zile unazoziona wazi kwenye mlenda, hunasa sehemu ya nyongo na kutoka nayo chooni. Ini likiona nyongo imepungua hutengeneza nyingine, na malighafi inabidi ikatafutwe kwenye damu. Huvuta kolesteroli ya aina ya LDL, ile ile inayojenga utando kwenye kuta za mishipa. Vipokezi vinavyoikamata LDL na kuiingiza ndani ya seli viligunduliwa na Wamarekani wawili, Michael Brown na Joseph Goldstein, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1985. Yaani bakuli la mlenda linaweza kulituma ini lako kufagia damu bila wewe kuombwa ruhusa.

Usihamaki. Kazi hiyo majani huifanya kwa kiasi tu. Nyuzinyuzi za namna hiyo zimejaa zaidi kwenye maharage, kunde na oti. Hatari kubwa ya jani iko kwingine. Jani hujaza sahani, na sahani ikishajaa, nyama ya mafuta na chipsi hukosa pa kukaa. Hapo ndipo kolesteroli hushuka kweli. Basi shika kanuni moja itakayokuongoza hadi mwisho: jani liingie, ila asihame mtu.

Hatua ya 2: Ongeza, usipunguze

Daktari alisema mambo mawili. Wewe shika la pili. Hilo la kupunguza mafuta hukulisikia vizuri, feni ilikuwa na kelele.

Panga sahani yako kama siku zote: ugali wa kutosha, nyama choma nusu kilo, kipande cha kuku na ngozi yake. Ukishaona hakuna tena nafasi, chukua vijiko viwili vya mchicha uvibandike ukingoni. Mchicha huo uchukulie kama mgeni wa harusi asiye na kadi: aruhusiwe kusimama, apigwe picha, lakini asikalie kiti cha mtu.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, na kwenye hesabu hiyo limeviacha nje viazi na mihogo. Hoja yako kwamba chipsi nazo zimetoka shambani haitakubalika kule Geneva. Itakubalika mezani, mbele ya shemeji zako, na hao ndio unaokula nao. Vijiko vyako viwili havifiki hata robo ya gramu hizo, lakini vina rangi ya kijani, na rangi ndiyo inayoonekana. Piga picha kwa upande wa kijani, weka kwenye hali ya WhatsApp, andika "Afya kwanza". Sasa kula.

Hatua ya 3: Lizamishe

Majani yenyewe karibu hayana mafuta. Rekebisha kasoro hiyo. Kisamvu kipe tui la kwanza, lile zito, wala usijisumbue na la pili. Sukuma wiki iogelee mafuta mpaka ukimaliza kula yabaki yameganda pembeni mwa sahani. Yakiganda, jua umefaulu.

Mafuta yanayoganda ndiyo rafiki yetu mkubwa katika kazi hii, kwa sababu hupunguza uwezo wa ini kukamata LDL kwa vile vipokezi vya Brown na Goldstein. LDL ikikosa pa kuingia hubaki kuzurura kwenye damu. Mafuta ya nazi yana zaidi ya asilimia 80 ya mafuta ya aina hiyo, mawese yana kama nusu. Jihadhari na alizeti ya Singida: yake ni kama asilimia 10 tu. Ukiyakuta jikoni mafuta hayo, yape kazi ya kulainisha bawaba za mlango.

Ukihojiwa, una majibu mawili ya kitaalamu. La kwanza, vitamini A na vitamini K za kwenye majani hazifyonzwi vizuri bila mafuta. Ni kweli tupu, na kweli hiyo usiiharibu kwa kuongeza kwamba kijiko kimoja kinatosha. La pili, onyesha chupa ilipoandikwa "haina kolesteroli". Hiyo nayo ni kweli. Mafuta ya mimea kwa kawaida hayana kolesteroli ya kuhesabika, hata yale yanayoganda yakawa magumu kama mshumaa wa kanisani. Chupa haijasema uongo, nawe hujasema uongo, na LDL inapanda kwa amani.

Hatua ya 4: Lichemshe mpaka lisahau lilikotoka

Majani yana potasiamu, na potasiamu huzisaidia figo kutoa sodiamu ya chumvi, hivyo presha hushuka. Yana pia folati na vitamini C. Vyote hivi vina udhaifu mmoja ambao lazima uutumie: vinayeyuka kwenye maji. Basi vipe maji. Katakata mchicha vipande vidogo kwanza, ndipo uuoshe. Uchemshe nusu saa nzima. Kisha ukamue, na yale maji ya kijani uyamwage. Ulichokimwaga ndicho alichokuandikia daktari.

Kisamvu kina udhuru wa haki: majani ya muhogo yana sumu ya sianidi, ni lazima yatwangwe na kuchemshwa sana. Wewe chukua udhuru wa kisamvu uwagawie mchicha, matembele na majani ya maboga, ambayo dakika chache motoni zingeyatosha.

Usisahau magadi. Hulainisha haraka, hubakiza rangi nzuri ya kijani ya kupigia picha, na wakati huo huo huvunja vitamini C na kuongeza sodiamu. Kazi nne kwa kipande kimoja! Kisha chumvi. Mwisho uliowekwa na Shirika la Afya Duniani ni chini ya gramu 5 kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai, na ndani yake imo chumvi ya mkate, ya maharage ya asubuhi na ya vile vidonge vya kukoleza mchuzi. Wewe tia chumvi sufuriani, tia kidonge cha mchuzi, halafu ukifika mezani nyoosha mkono kwenye kopo la chumvi kabla hujaonja. Potasiamu chache zilizonusurika kwenye maji zitakuta sodiamu zimeshakaa jikoni zinazisubiri.

Hatua ya 5: Ziba njia mdomoni

Hii ni hatua ya wabobezi. Mchicha, spinachi na ndugu zao wana naitreti. Ukitafuna na kumeza, naitreti huingia kwenye damu, kisha sehemu yake hurudi mdomoni kupitia mate. Pale nyuma ya ulimi kuna vijidudu vyema vinavyoibadilisha kuwa naitraiti, na ikishamezwa mwili huigeuza kuwa oksidi ya naitriki, gesi inayolegeza kuta za mishipa. Mishipa ikilegea, damu hupita bila kusukumana, na presha hushuka. Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad walipata Nobel mwaka 1998 kwa kuonyesha jinsi gesi hiyo inavyofanya kazi kwenye moyo na mishipa. Hata kile kidonge cha nitrogliserini ambacho wagonjwa wa moyo huweka chini ya ulimi, kifua kinapobana, hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo.

Kuizuia ni rahisi mno: sukutua mara kwa mara kwa dawa kali ya kuua vijidudu vya mdomoni. Vikifa vile vya nyuma ya ulimi, safari ya naitreti inakatikia hapo. Utakuwa na pumzi safi na presha isiyobugudhiwa.

Hatua ya 6: Kunywa, usitafune

Kutafuna majani kunachosha taya na hakuna fahari. Saga sukuma wiki kwenye blenda pamoja na nanasi, kisha chuja. Kuchuja ndiyo siri yenyewe, maana makapi unayoyatupa ndiyo yenye nyuzinyuzi. Katika kilichobaki tia sukari vijiko vinne. Sukari nyingi hupandisha trigliseridi, mafuta mengine ya kwenye damu ambayo daktari huyaandika mstari wa chini kidogo ya kolesteroli. Umechukua mboga ukaigeuza soda ya kijani, na bado jirani anakusifu.

Kama hata blenda ni usumbufu, nunua unga wa mlonge kwa yule kijana mwenye kipaza sauti anayesema unatibu magonjwa 300. Uweke kabatini mahali wageni wanapouona. Mlonge ni jani zuri tu kama majani mengine, lakini uzuri wa unga uliofungwa kwenye kopo ni kwamba hausongezi chochote sahanini. Kijiko kimoja juu ya uji, na dhamiri imetulia mpaka jioni.

Hatua ya 7: Linda hadhi

Kila mtu anajua kwamba mboga za majani ni chakula cha katikati ya mwezi, wakati mshahara umeshaondoka na mwingine haujafika. Akija mgeni, majani hufichwa. Nani amewahi kusimuliwa harusi iliyofana kwa sababu ya mnavu?

Ukikutwa gengeni umeshika mafungu matatu ya mchicha, sema ni ya sungura wa watoto. Ukialikwa kwenye nyama choma, kachumbari ihesabu kuwa mboga ya wiki nzima. Na kitambi chako kitunze. Miaka yote ya kupandishwa vyeo imeandikwa pale mbele, na bakuli la mgagani kila jioni laweza kuanza kuifuta.

Hatua ya 8: Jifunze historia, nusu nusu

Mtu asiye na hoja za kihistoria hushindwa mapema kwenye mabishano ya baa. Zipo mbili.

Ya kwanza ni Wamaasai. Miaka ya 1960 daktari wa Kimarekani, George Mann, aliwapima Wamaasai waliokuwa wakiishi kwa maziwa na nyama, akakuta kolesteroli yao iko chini na dalili za ugonjwa wa moyo ni chache. Litaje jambo hilo kwa sauti, kisha agiza nyama nyingine. Usitaje kwamba watu hao walikuwa wakitembea kutwa nyuma ya ng'ombe, ilhali wewe umekuja kwa bodaboda kutoka mtaa wa pili.

Ya pili ni ile ya "magonjwa ya moyo ni ya Wazungu". Hii nayo iliwahi kuwa na uzito. Mwaka 1956 Hugh Trowell, daktari wa Mulago kule Kampala, pamoja na mwenzake Singh, walichapisha katika jarida la kitabibu la Afrika Mashariki habari za Mwafrika mmoja aliyeugua mishipa ya moyo. Mgonjwa mmoja tu, naye akastahili makala nzima! Trowell na daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa naye Uganda, waliondoka na somo hilo. Mwaka 1975 walitoa kitabu Uingereza wakiwaeleza Wazungu kwamba vyakula vilivyokobolewa vinawaua, na kwamba nyuzinyuzi za vyakula vya Mwafrika wa kijijini ni kinga.

Wao wakaanza kununua majani kwa bei ya juu. Sisi tukahamia kwenye chipsi mayai. Sasa zaidi ya robo tatu ya vifo vya magonjwa ya moyo na mishipa duniani hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na Dar es Salaam ina Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ambayo foleni yake si ya Wazungu. Sehemu hiyo ya historia iruke.

Hatua ya 9: Jiandae na kipimo

Siku tatu kabla ya kupimwa, kula majani asubuhi, mchana na jioni, ujione mtakatifu. Trigliseridi zinaweza kukuhurumia, maana hubadilika upesi. LDL haina huruma hiyo. Kushuka kwake kwa chakula huchukua wiki kadhaa, kwa hiyo karatasi itakusema vile vile. Kubali kushindwa kwa staha na ulaumu mashine ya maabara.

Njia bora zaidi ni kutopima kabisa. Kolesteroli haiumi, haiwashi na haikukoseshi usingizi. Unaweza kukaa nayo miaka mingi bila dalili hata moja, na wengi dalili yao ya kwanza ni kiharusi au mshtuko wa moyo wenyewe. Mpaka siku hiyo, utakuwa umeishi bila wasiwasi.

Hatua ya 10: Mahali ambapo hatuchezi

Hapa naweka kejeli chini, kwa sababu kuna wasomaji watatu ambao mzaha huu unaweza kuwadhuru.

Kama unatumia warfarini, labda kwa sababu ya valvu ya moyo iliyopandikizwa, vitamini K ya majani hupunguza nguvu ya dawa hiyo. Huambiwi uache mboga. Unaambiwa ule kiasi kile kile wiki hadi wiki, na ukitaka kubadilisha umwambie daktari kwanza. Kama figo zako ni dhaifu, potasiamu ya majani inaweza kukulimbikia, muulize anayekutibu. Na kama umeandikiwa statini, endelea nazo. Dawa hizo hulizuia ini kutengeneza kolesteroli, kazi ambayo mchicha haujaweza na hautaiweza. Mboga hukaa pamoja na dawa, hazichukui zamu yake.

Mambo ya kuepuka

Nakuonya kwa mapenzi. Yapo makosa machache yanayoweza kuubomoa mpango wote huu kwa miezi michache. Kosa la kwanza ni kuacha mboga zichukue nusu ya sahani, nyama ikabaki kipande kimoja. La pili ni kuosha majani kabla ya kuyakata, kuyapika dakika chache kwa kijiko cha alizeti, kitunguu na nyanya, na kuyaachia maji yake. La tatu ni kuyaweka pamoja na maharage au choroko mahali ilipokuwa nyama ya mafuta, siku kadhaa kila wiki. La nne ni kutembea kwa miguu kwenda gengeni kuyanunua.

Ukiyafanya hayo, kolesteroli itashuka kwa kiasi, presha itashuka kwa kiasi, na moyo wako utafanya kazi miaka mingi ambayo hukuipangia bajeti.

Na kama katika hatua hizi kumi umejiona kwenye zaidi ya tatu, wewe si mwanafunzi wangu tena, umeshakuwa mwalimu. Nenda kapime presha na kolesteroli wiki hii.